Kwa Mangi: mwongozo kamili wa kulinda droo, floti na daftari la duka la mtaani

Dar es Salaam duka la rejareja huitwa "kwa Mangi", jina la heshima la Wachaga wa Kilimanjaro, hata kama mwenyewe katoka Singida na Mlima Kilimanjaro hajawahi kuuona. Ni chumba cha mbele cha nyumba: nondo dirishani, mizani kwenye kaunta, mafuta ya kupima, friji la soda linalonguruma, na pembeni meza ndogo ya wakala wa pesa za simu. Wateja ni wengi na kila mmoja ana shida ya mia tano. Tapeli analipenda duka la namna hii kwa sababu mwenye duka ana haraka, tena anaona haya kuhesabu hela mbele ya mtu kana kwamba hamwamini.

Usihangaike kumtambua tapeli kwa sura. Anayekuja kukuliza huja amechana nywele, anakuita bosi, na mara nyingi anajua jina la mtoto wako. Kinachosaidia ni utaratibu mmoja unaofanywa vilevile kwa mgeni, kwa jirani na kwa shemeji. Shemeji akikasirika, mwambie ndivyo duka lilivyo.

Kwanza ijue hasara

Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 umeununua kwa 130,000 na unauza kilo 2,800. Mfuko ukiisha umepata 140,000, yaani faida ya 10,000 kabla ya nauli ya bajaji na mifuko ya kufungia. Noti moja bandia ya elfu kumi imekula mfuko mzima.

Mkono nao unakula. Mfuko huo una robo 200. Ukizidisha gramu 5 kila robo, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, umegawa kilo nzima bure. Ndiyo maana mizani huangaliwa kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza: sahani ikiwa tupu isome sifuri, kisha weka juu yake chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Isome kilo moja na nusu na gramu chache za plastiki. Stika ya Wakala wa Vipimo iwe ya mwaka huu na ionekane.

Asubuhi: tenganisha hela

Weka vyombo vitatu: droo ya duka, droo ya wakala, na kopo la chenji. Zikichanganyika hata siku moja, jioni hutajua kama umeibiwa au umekosea hesabu.

Chenji ya kuanzia kwa duka la kawaida ni 30,000: sarafu 20 za mia tano (10,000), sarafu 25 za mia mbili (5,000), sarafu 50 za mia (5,000) na noti 10 za elfu (10,000). Duka lisilo na chenji huishia kutoa pipi. Watoto wanafurahi, mama zao hawafurahi, na siku moja utaletewa pipi kumi na mbili kama malipo ya kiberiti na sabuni. Hutakuwa na la kujibu.

Kwa wakala kanuni ni moja: taslimu ukijumlisha na floti, yaani pesa iliyo ndani ya simu, ya laini zote, jibu lake ni mtaji ule ule daima. Ukianza na 1,000,000, yaani taslimu 600,000 na floti 400,000, basi saa yoyote ya siku jumla iwe milioni moja. Mteja akitoa pesa, taslimu inapungua na floti inaongezeka. Akiweka, kinyume chake. Kamisheni ina hesabu yake, usiichanganye humo. Piga jumla hii mara tatu kwa siku: saa nne asubuhi, saa tisa alasiri na wakati wa kufunga. Ukigundua upungufu saa tisa, una saa tano tu za kuchunguza. Ukiugundua usiku, una siku nzima na sura mia kichwani.

Mwisho wa mwezi watu hutoa mishahara, basi ingia na taslimu nyingi. Jioni za kawaida bodaboda na mama ntilie huja kuweka mauzo yao, hapo floti ndiyo huisha. Wakala anayesema "floti hakuna" mara tatu kwa wiki amemkabidhi mteja wake kwa jirani.

Noti: shika, inua, linganisha

Kila noti ya elfu tano na elfu kumi ipitie hatua hizi. Zikizoeleka hazizidi sekunde tano.

1. Shika. Karatasi ya noti halali ni ngumu kidogo na maandishi yake makubwa yanakwaruza kidole. Ya bandia huteleza kama karatasi ya daftari.
2. Inua kwenye mwanga. Uione sura ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi na uzi wa usalama ukipita. Kivuli kilichochapwa juu huonekana hata bila kuinua, na hapo ndipo kinapojisaliti.
3. Linganisha. Ukipewa noti kadhaa na mtu mmoja, soma namba zake. Mbili zikiwa na namba ile ile, angalau moja ni bandia, hakuna mjadala.

Tochi ndogo ya mwanga wa zambarau inasaidia usiku: karatasi ya kawaida hung'aa nyeupe-bluu chini yake, ya noti hubaki imefifia. Na noti bandia huja hasa jioni, saa moja hadi saa mbili, taa ni dhaifu na foleni imejaa.

Ukiishuku, irudishe kabla haijaingia kwenye droo: "Naomba nyingine, hii siielewi." Usimwite mtu mwizi, maana huenda naye kapewa bila kujua. Ikishaingia kwenye droo ni yako. Kumpasia mteja mwingine ukijua ni bandia ni kosa la jinai, kwa hiyo mahali pake ni benki au polisi, na hasara umeze.

Noti za zamani ni jambo jingine. Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya karatasi ya shilingi 500 iliyotolewa 2010, na muda wa kuzibadilisha uliisha tarehe 5 Aprili 2025. Bado kuna bibi anayezitoa kwenye pindo la khanga. Ni halisi, hazina kosa, ila hazinunui kitu tena. Mweleze taratibu, na msaidizi wako ajue asizipokee kwa huruma.

Mchezo wa chenji

Huu ndio utapeli mkongwe kuliko friji lako. Mteja ananunua kiberiti cha mia mbili kwa noti ya elfu kumi. Unampa 9,800. Anaishika mkononi, anapapasa mfuko: "Aa, bosi, kumbe nina mia mbili hapa. Chukua, nirudishie elfu kumi yangu." Unapokea mia mbili, unampa elfu kumi, na wakati huohuo mwenzake anauliza bei ya mchele. Yule wa kwanza ameondoka na 9,800, noti yake, na kiberiti. Wewe una mia mbili.

Kinga yake:

1. Noti ya mteja haiingii kwenye droo mpaka aseme chenji imetimia. Iweke juu ya kaunta chini ya jiwe la mizani, mbele ya macho ya wote wawili. Hii pia inaua ule ubishi wa "nilikupa kumi, si tano".
2. Taja kwa sauti: "Umenipa elfu kumi, kiberiti mia mbili, chenji yako elfu tisa mia nane."
3. Akibadili mawazo, pokea kwanza, toa baadaye. Chenji yote irudi mezani, uihesabu, ndipo noti yake itoke.
4. Biashara moja hadi iishe. Mchele usubiri.

Anayeuliza bei ya mchele wakati huo anaweza kuwa mteja wa kweli kabisa. Hata hivyo asubiri.

Meza ya wakala

Pesa ya haraka inaondokea hapa. Utaratibu wa kutoa: mteja anatumia simu yake mwenyewe, anaingiza namba ya wakala na kiasi, anaweka namba yake ya siri akiwa peke yake. Ujumbe unaingia kwenye simu yako. Hapo wengi hukosea, husoma ujumbe na kuhesabu hela. Fungua menyu, angalia salio. Ujumbe wa kutunga huandikwa vizuri sana, una namba ya muamala, una hata kamisheni, lakini hauwezi kuongeza salio. Mara nyingi umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu badala ya jina la huduma, ila usitegemee hilo peke yake. Salio ndilo shahidi.

Kuweka kuna hatari nyingine: namba kukosewa. Mteja aandike namba kwa mkono wake kwenye karatasi, wewe umsomee tarakimu tatu tatu, na jina likitokea kwenye skrini msomee kabla ya kuthibitisha. Taslimu iwe imeshahesabiwa na iko upande wako wa nondo. Usitume kwanza kwa mtu anayesema "hela iko kwenye bodaboda, inakuja". Karatasi yenye mwandiko wake hifadhi hadi kesho.

Daftari la wakala liwe na muda, namba, jina, kiasi, namba ya muamala na sahihi. Likiwa na mistari iliyorukwa halina maana siku ya ugomvi.

Sasa simu zenyewe. Zipo za aina tatu.

*"Nimetuma kimakosa."* Mtu analia kwamba amekutumia laki moja na nusu ya mgonjwa. Angalia salio. Kama haijaongezeka, hadithi imeisha. Kama imeongezeka kweli, bado usirudishe kwa mkono wako: mwambie apige huduma kwa wateja aombe muamala urudishwe, na wewe usiiguse hela hiyo. Ukiituma mwenyewe kisha mtandao ukaurudisha ule muamala wa kwanza, umelipa mara mbili.

*"Napiga kutoka makao makuu, laini yako ya uwakala inaboreshwa."* Atakutajia jina lako na namba yako ya wakala, ambayo imebandikwa ukutani kila mtu aione. Kisha atakuomba ubonyeze tarakimu fulani "za kuhakiki". Hizo tarakimu ndizo zinazohamisha floti. Kata, piga 100 ya huduma kwa wateja mwenyewe, uliza. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, awe meneja wa kanda au mume.

*"Ile hela tuma kwenye namba hii."* Ujumbe huu umekuwa utani wa taifa, ila bado unafanya kazi, hasa tarehe za kodi ya nyumba. Mteja anakuja mbio: "Niwekee laki mbili, mwenye nyumba kabadili namba." Jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa. Muulize jambo moja tu: "Umesikia sauti yake?" Aipige ile namba ya zamani mbele yako. Utapoteza kamisheni ya muamala mmoja na utakuwa umempata mteja wa miaka kumi. Ujumbe wenyewe na namba iliyoutuma vipelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Huko wapeleke pia babu mganga wa nyota na wale wanaokualika Freemason upate utajiri kwa ada ya elfu hamsini ya fomu. Inashangaza kwamba chama chenye utajiri wote huo kinakosa elfu hamsini.

Simu ya uwakala ifungwe kwa kamba fupi upande wako, wala isiazimwe "nibipu mara moja". Kila mwezi piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiikuta usiyoijua, peleka malalamiko kabla haijatumika kumlilia mtu mwingine.

Kwa lipa namba, ile namba ya duka ambayo mteja hulipia kwa simu, picha ya skrini si malipo. Mteja akikuonyesha "imekwenda", angalia upande wako. Na kila asubuhi soma namba iliyo kwenye bango lako tarakimu kwa tarakimu, maana stika nyingine kubandikwa juu yake ni kazi ya sekunde mbili.

LUKU, umeme wa kulipia kabla, ina kosa lake la pekee. Namba ya mita ina tarakimu 11, ikikosewa moja umeme unaweza kwenda kwa jirani, naye hatakuja kushukuru. Mteja aandike mwenyewe, au alete karatasi ya zamani. Tokeni ina tarakimu 20. Mwandikie nne nne, maana ataiingiza gizani.

Oda ya simu

Sauti nzito yenye heshima: "Mangi, napiga kutoka shule pale juu. Tuletee mchele kilo 50, mafuta lita 20, na kwa vile mhasibu ana noti kubwa tupu, njoo na chenji ya 80,000." Unampakia kijana kwenye boda. Getini anapokelewa na mtu mwenye funguo na kalamu sikioni, anayechukua ile chenji "nikakulipie ndani ofisini". Geti lina mlango wa nyuma. Shule haijaagiza kitu.

Ukiagizwa mzigo na mtu usiyemjua:

- Nusu ya hela iingie kabla mzigo haujatoka, na uione kwenye salio.
- Namba ya ofisi itafute mwenyewe, usipige aliyokupa.
- Chenji haisafiri. Mwenye noti kubwa aje nazo dukani.
- Kijana wako hashuki na mzigo kabla hajakushika simuni ukathibitisha malipo. Na haachi kimoja akafuate kingine.

Mteja wa kweli hatachukia kutanguliza malipo. Anayekasirika mapema mno, mwache akasirike.

Wakaguzi

Wapo wa kweli: TRA (watu wa kodi), bwana afya, vipimo, zimamoto, leseni. Wape kiti, wape vitabu, waheshimu. Wa uongo hutofautishwa kwa malipo. Tozo ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu, ile watu wanayoita kontroo namba, yenye tarakimu 12 zinazoanzia 99, na ukiiingiza kwenye simu hukuonyesha jina la taasisi kabla hujalipa. Asemaye "nipe thelathini nikufutie faini" hana namba hiyo. Omba kitambulisho, andika jina na muda daftarini huku anakuona, na umwambie unampigia mtendaji wa mtaa aje kushuhudia. Mara nyingi hapo hukumbuka kwamba ana kikao.

Mzigo unaoingia

Pima kabla gari halijaondoka. Mtungi wa gesi una uzito wake mtupu umechongwa kwenye shingo au kola. Mtungi wa kilo 6 ulioandikwa 7.2 usome 13.2 kwenye mizani, na lakiri isiwe imeguswa. Ukipungua, haupokelewi, kwa sababu mteja wako atakuja kulalamika kwako na si kwa msambazaji.

Mafuta ni mepesi kuliko maji: lita moja huwa karibu gramu 920. Dumu la lita 20 lina mafuta ya kilo 18.4 hivi, ongeza kilo moja ya dumu. Likipita 20, lina maji au limejazwa kupita kiasi. Chota kidogo kutoka chini kwa mpira, tia kwenye chupa nyeupe, iache usiku kucha. Maji yatakaa chini. Mfuko wa sukari angalia mshono: uzi wa kiwandani ni mmoja ulionyooka, wa kushonwa tena hupita kwenye matundu yasiyolingana.

Daftari la madeni

Hapa hakuna matapeli, kuna majirani, na daftari lao limefunga maduka mengi kuliko wezi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Bango la "Mkopo umefariki, mazishi jana" linachekesha ila halizuii, kwa sababu anayekopa anamtuma mtoto, na mtoto hajui kusoma.

Kwa hiyo usikatae mkopo, uuwekee ukuta. Kila nyumba iwe na kikomo, tuseme 15,000, na kipya hakiandikwi mpaka cha zamani kipungue. Andika tarehe, bidhaa, bei na jina la mtoto aliyetumwa. "Mama Asha 4,500" peke yake ni ugomvi unaosubiri, lakini "Juma, nusu unga, robo mafuta, sabuni" hakuna wa kuukana. Ukurasa mmoja kwa nyumba moja, ili mtu asione deni la mwenzake. Mkumbushe tarehe ya mshahara, peke yake. Si Ijumaa mbele ya foleni.

Mtoto aliyetumwa na hela azungumze na hela yake kwanza: pokea, taja kiasi, ndipo muulize ametumwa nini. Atakuwa amesahau nusu. Chenji ifunge kwenye karatasi iliyoandikwa, kwa sababu njiani kuna muuza ubuyu. Sarafu iliyotoka mdomoni ioshwe.

Jirani atakuomba umwekee funguo, mboga, hata kuku. Sawa. Begi lililofungwa la mtu usiyemjua, "narudi jioni", kataa. Likiwa la wizi, polisi watalikuta chini ya kaunta yako, na mwenyewe hatarudi jioni hiyo.

Kufunga

Hesabu ukiwa umefunga mlango. Upungufu wa mia mia ni chenji na mizani. Upungufu wa tarakimu kamili, elfu tano au elfu kumi, ni noti: kumbuka foleni ya jioni. Tofauti upande wa wakala inayolingana na muamala mmoja daftarini ni muamala ulioandikwa mara mbili au haukuingia, usilale kabla ya kuutafuta. Hela ikizidi nayo iandike, kuna mtu hakupewa chenji na kesho atakuja.

Saa tano usiku atagonga mtu: "Mangi, Mangi, dharura." Dharura yenyewe ni dawa ya mbu ya mia mbili, na mkononi ana elfu kumi. Mpe kupitia kidirisha, mlango usifunguliwe, na aandikwe daftarini. Noti akailete asubuhi, kwenye mwanga.